Mfupa wa Mwanafunzi Wetu na Samaki Mwenye Mistari



 Kwa kawaida katika ukurasa huu tunaandika juu ya malezi, twahara na adabu za darasani. Leo tunaandika habari ya samaki mdogo asiyezidi urefu wa kidole, na namna anavyotumiwa na wataalamu kuchunguza mifupa ya wanadamu. Huenda mtu akauliza, mwalimu wa madrasa na samaki wa maabara wapi na wapi? Tunaomba mtuvumilie, kwani habari hii ilitufikia kwa njia ya kosa letu wenyewe. Kosa tulilifanya mbele ya watu, na si haki toba yake ibaki chumbani.

Mtoto aliyekuwa akivunjika

Mwaka 2018 tulimpokea madrasani kwetu Buyenzi, hapa Bujumbura, mtoto wa kiume wa miaka sita. Alikuwa mfupi kuliko wenzake wa umri ule, lakini mwepesi wa kuhifadhi. Siku ya kwanza alikuja na mkono wa kushoto ndani ya plasta. Mama yake akatuambia kwamba ameanguka kutoka kitandani. Tukamwombea shifaa, tukamkalisha mstari wa mbele ili wenzake wasimsukume.

Baada ya miezi minne akavunjika mguu. Tukaambiwa ameteleza uani, mahali palipomwagika maji. Mwaka 2019, siku chache kabla ya Ramadhani, akavunjika mtulinga, na safari hii mama yake hakuwa na maelezo yoyote. Alisema tu, "Ustadh, aliamka hivyo."

Maneno yakaanza mtaani. Wapo waliosema ni husuda. Wapo waliosema ni jini, na kwamba mtoto apelekwe kwa mganga fulani. Sisi tuliyakataa hayo, tukajiona kuwa tuna elimu zaidi. Tukasema jambo liko wazi: mtoto huyu anapigwa. Baba yake ni fundi wa baiskeli, mtu mfupi, mkimya, asiyependa kukaa barazani. Mtu mkimya watu humjazia maneno, na sisi tulikuwa miongoni mwa waliojaza.

Usiku mmoja baada ya swala ya Isha tulikwenda nyumbani kwake tukiwa na wazee wawili. Tukamkumbusha amana ya mtoto na hesabu ya Siku ya Kiyama. Alitusikiliza hadi mwisho, kisha akasema, "Ustadh, mwanangu sijampiga hata kofi. Mimi mwenyewe nilivunjika mara saba nikiwa mdogo. Kumbeba tu naogopa."

Tulimsikia, lakini hatukumsikiliza. Maneno yale ya kuvunjika mara saba, ambayo ndiyo yaliyokuwa jibu lote, tuliyachukua kuwa utetezi. Tukaamua na wazee kwamba mtoto akakae kwa bibi yake upande wa mama hadi mambo yatulie. Baba hakubishana. Asubuhi yake alimbeba mtoto kwenye baiskeli hadi kwa bibi. Waliomwona walisema alikuwa akiikokota kwa mguu njia nzima, hakuipanda.

Wiki tatu baadaye, baada ya darasa la alasiri, wanafunzi walikuwa wakitoka. Yule mtoto alibaki juu ya mkeka, mguu umemfa ganzi. Tukamshika mkono kumsaidia asimame. Allah ni shahidi kwamba hatukumvuta kwa nguvu. Tulimshika kama tunavyowashika watoto wote. Tukasikia sauti ndogo, kama kijiti kikavu kinapokanyagwa. Mtoto hakupiga kelele. Alitutazama, akasema kwa sauti ya mtu aliyezoea, "Mkono, Ustadh. Umevunjika."

Yaani mkono ulivunjikia mikononi mwetu, sisi tuliomhukumu baba yake.

Macho ambayo hatukuyatazama

Hospitalini tulimpata daktari mtu mzima, mpole. Kabla hajagusa mkono alimtazama mtoto usoni, akamfunua kope la chini kwa kidole. Akatuita tusogee. Ile sehemu ya jicho inayotakiwa kuwa nyeupe ilikuwa na rangi ya kijivu inayoelekea buluu, kama maziwa yaliyotiwa maji mengi. Akauliza kama kuna mwingine katika familia mwenye macho kama hayo. Hatukujua la kujibu. Akasema, "Nileteeni wazazi wote wawili."

Baba alipofika, daktari alimgeuzia uso kwenye mwanga wa dirisha. Macho yalikuwa yale yale. Mtu huyu tumepeana naye mkono msikitini kwa miaka mingi, na rangi ya macho yake hatukuwahi kuiona.

Daktari akatueleza kwamba ugonjwa huu kitaalamu unaitwa osteojenesisi imperfekta, na watu wengi huuita ugonjwa wa mifupa ya kioo. Mtu huzaliwa nao. Hauambukizi, hausababishwi na husuda wala na mapigo. Akasema pia kwamba si mara ya kwanza kwake kuona mzazi asiye na hatia akituhumiwa kumpiga mtoto kwa sababu ya ugonjwa huu, na kwamba jambo hilo limetokea katika nchi nyingi.

Usiku ule tulikwenda tena kwa yule baba, safari hii bila wazee. Tulikuwa tumetayarisha maneno mengi ya kuomba radhi. Hakutuacha tuyamalize. Alisema, "Mrudisheni mtoto nyumbani, Ustadh. Mengine tutazungumza." Mtoto alirudi kesho yake. Mengine hatukuyazungumza kwa zaidi ya miaka minne.

Ugonjwa wenyewe ni nini

Hapa tunaeleza kwa ufupi, kama tulivyokuja kuelewa.

Mfupa una vitu viwili vikubwa. Fikirini nguzo ya nyumba: ndani kuna nondo, nje kuna saruji. Saruji ya mfupa ni madini ya kalsiamu na fosforasi. Nondo zake ni protini iitwayo kolajeni. Saruji bila nondo hupasuka kwa pigo dogo, na nondo bila saruji hupinda.

Kolajeni ya mifupa imesukwa kama kamba ya nyuzi tatu. Ili nyuzi hizo zikazane, kila hatua ya tatu katika uzi inatakiwa iwe na kipande kidogo kuliko vyote, kiitwacho glaisini, kwa sababu kati ya nyuzi tatu hakuna nafasi ya kikubwa zaidi. Maelekezo ya kusuka nyuzi hizo yameandikwa katika jeni mbili, COL1A1 na COL1A2. Herufi moja ya maelekezo ikibadilika, glaisini huweza kuondoka na kipande kinene kikakaa mahali pake. Hapo kamba hufumuka, au hukwama ndani ya seli iliyoisuka, na mfupa hupata nondo mbovu. Kwa wengine, hasa wenye aina nyepesi ya ugonjwa, kamba zinazosukwa ni nzuri lakini hazitoshi.

Sisi tunaofundisha tajwidi jambo hili halitushangazi. Tunajua kwamba herufi moja ikitamkwa isivyo, maana nzima huweza kugeuka.

Ugonjwa huu humpata takriban mtoto mmoja katika kila 15,000 hadi 20,000 wanaozaliwa. Uko wa aina nyingi. Wapo wanaovunjika mara chache tu maisha yote, na wapo wasioishi baada ya kuzaliwa. Katika aina iliyo ya kawaida zaidi, mzazi mmoja mwenye jeni iliyobadilika anatosha, na kila mtoto wake ana nafasi nusu kwa nusu ya kuirithi. Wengine hupata badiliko jipya ambalo hakuna mzazi aliyekuwa nalo. Baadhi ya wagonjwa huwa na macho ya buluu, meno yanayovunjika upesi, na usikivu unaopungua ukubwani.

Tiba ya kuuondoa kabisa haijapatikana. Mwaka 1998 Dkt. Francis Glorieux na wenzake wa Montreal, nchini Kanada, walitangaza matokeo ya kuwapa watoto wagonjwa dawa iitwayo pamidroneti, iliyo katika kundi la bisfosfoneti. Dawa hizi hupunguza kasi ya mwili kuula mfupa wake. Zimewasaidia watoto wengi kuwa na mifupa mizito zaidi, lakini hazirekebishi kamba yenyewe. Wengine hutiwa fimbo za chuma ndani ya mifupa ya miguu ili isipinde. Na mazoezi mepesi, ambayo wazazi wengi huyaogopa, ni sehemu kubwa ya matibabu.

Sahani ya ndagala

Mwaka 2023 alitutembelea binti yetu mmoja aliyesoma madrasani kwetu tangu utoto, na sasa anasomea bayolojia Ulaya. Alikuja kusalimia kama desturi. Mke wetu akamtengea ugali na ndagala. Katika mazungumzo tukamtajia habari ya yule mtoto, na jinsi tulivyokuwa na deni lisilolipika kwa baba yake.

Binti akaacha kula. Akachukua ndagala mmoja mkavu, akampasua kwa kucha, akatuonyesha uti wa mgongo. "Ustadh," akasema, "tazama. Pingili kwa pingili. Mpango wa mgongo huu na wa mgongo wako ni mmoja. Hata kolajeni anayo. Kuna samaki mdogo kama huyu anaugua ugonjwa wa yule mtoto."

Tukadhani ni mzaha. Tulikula ndagala tangu tunaota meno, tukawatafuna na mifupa yao, na hatukuwahi kufikiri kwamba katika mifupa ile kuna habari yetu.

Samaki aliyemkusudia si ndagala wa Tanganyika. Wataalamu humwita samaki pundamilia, kwa sababu ana mistari ya buluu iliyoiva kutoka kichwani hadi mkiani. Urefu wake ni kama sentimita tatu hadi nne. Asili yake ni vijito, madimbwi na mashamba ya mpunga ya India, Bangladeshi na Nepali. Aliandikwa katika vitabu vya elimu mwaka 1822 na Francis Hamilton, tabibu wa Kiskoti aliyechunguza samaki wa mto Ganges. Kwa miaka mingi watu walimfuga katika vyombo vya kioo kwa ajili ya kumtazama tu.

Aliyemfungulia mlango wa utafiti wa urithi ni George Streisinger wa Chuo Kikuu cha Oregon, Marekani, ambaye mwaka 1981 alichapisha njia ya kuzalisha samaki hawa wenye urithi unaofanana. Kisha wakaja Christiane Nüsslein-Volhard na wenzake wa Tübingen, Ujerumani, na kundi jingine la Boston, Marekani. Wao walibadilisha jeni za samaki ovyo kwa dawa, wakazalisha vizazi, wakawa wanatazama watoto wa samaki mmoja mmoja: nani moyo wake haupigi sawa, nani taya lake halikuota, nani mgongo wake umepinda. Mwaka 1996 walichapisha matokeo yao kwa pamoja. Na mwaka 2013 maandishi yote ya urithi wa samaki huyu yalitangazwa. Ikaonekana kwamba takriban asilimia 70 ya jeni za binadamu zina angalau jeni moja inayolingana nazo katika samaki huyu.

Tukamuuliza binti, kwa nini samaki, na si sungura au panya? Akatuhesabia kwa vidole.

Kwanza, mayai yake hukua nje ya tumbo la mama, na kijusi chake ni angavu kama kioo. Unaweza kumtazama chini ya hadubini moyo ukianza kupiga, bila kumpasua. Pili, jike mmoja huweza kutaga mayai 200 au zaidi kwa mara moja, na baada ya miezi mitatu hivi wale watoto nao hutaga. Tatu, mifupa ya kwanza ya kichwa na ya kifuniko cha matamvua huanza kuonekana siku ya tatu tu. Wataalamu wana rangi nyekundu inayoshika mfupa na rangi ya buluu inayoshika gegedu. Kisamaki cha siku tano kilichotiwa rangi hizo huonekana kama mchoro wa mifupa uliochorwa kwa kalamu mbili. Nne, pezi lake la mkia likikatwa huota tena pamoja na mifupa yake kwa muda wa wiki mbili au tatu. Sisi wanadamu tukikatika kidole hatuoti kingine, kwa hiyo wataalamu wanachunguza seli za samaki huyo zinafanya nini.

Samaki aitwaye Chihuahua

Mwaka 2003 Shannon Fisher na wenzake nchini Marekani walichapisha kazi iliyotushangaza kwa urahisi wake. Waliwapiga samaki hawa picha za eksirei, kama anavyopigwa mgonjwa hospitalini, wakitafuta wenye mifupa mibovu. Walimpata mmoja mfupi, mwenye mifupa isiyo na umbo lake, na mbavu zilizovunjika na kuunga. Wakampa jina Chihuahua, kama wale mbwa wadogo. Walipochunguza urithi wake wakakuta ugonjwa umekaa katika jeni ya kolajeni, ndugu ya ile COL1A1 ya binadamu, na kosa lenyewe ni lile lile: glaisini moja imeondoka, kipande kingine kimekaa mahali pake.

Miaka ikapita. Mwaka 2017 watafiti wa Chuo Kikuu cha Pavia, nchini Italia, pamoja na wenzao, walitangaza kwamba waliwapa samaki wa Chihuahua dawa iitwayo fenilbutireti, ambayo tayari hutumiwa kwa wagonjwa wa maradhi mengine ya kurithi. Dawa hii huisaidia seli isilemewe na zile kamba mbovu zilizokwama ndani yake. Mifupa ya samaki waliopewa ilipata madini vizuri zaidi kuliko ya wale ambao hawakupewa.

Hapa tuliinua mikono kumshukuru Allah, na tukataka kukimbia kwa yule baba. Binti akatuzuia. "Subiri, Ustadh. Usimpelekee matumaini ambayo hata sisi hatuna." Akatueleza kwamba samaki si mtoto. Samaki anabebwa na maji. Hasimami kwa miguu miwili, hajui uzito wa mwili kama tunavyoujua sisi. Damu yake hutengenezwa katika figo, wala si ndani ya mifupa kama yetu. Jeni nyingi anazo mbili mbili pale ambapo sisi tuna moja, kwa hiyo moja ikiharibika nyingine huweza kuficha madhara. Linaloonekana kwa samaki huulizwa tena kwa panya, na linalokubali kwa panya hupimwa kwa watu kwa tahadhari na kwa miaka mingi. Mengi hukwama njiani.

Na si ugonjwa huu peke yake. Kuna watoto, hasa wasichana wanaobalehe, ambao migongo yao hupinda upande bila sababu inayojulikana. Mwaka 2016 watafiti walionyesha kwa samaki hawa kwamba vinywele vidogo mno, vinavyosukuma maji yanayozunguka ubongo na uti wa mgongo, visipofanya kazi, mgongo wa samaki anayekua huweza kupinda. Kwa wanyama wanaotembea kwa miguu minne ugonjwa kama huo ni vigumu kuuona. Aidha, katika udhaifu wa mifupa wa wazee, wataalamu wamekuta mahali mamia katika urithi wa binadamu panapohusiana na uzito wa mfupa. Kujua ni jeni ipi inayofanya nini, huzima moja moja katika samaki kwa mkasi wa jeni uitwao CRISPR, kisha wakatazama mifupa.

Maswali mawili

Siku ya pili tulikwenda kwa yule fundi sisi, mke wetu na binti. Mtoto alikuwa na miaka kumi na mmoja, anatembea kwa fimbo moja, na juzuu sita ziko kifuani mwake. Binti akaeleza yote, pamoja na yale ya kusubiri na kutotarajia haraka. Kisha akafungua simu, akawaonyesha picha mbili za eksirei: samaki mzima, na samaki wa Chihuahua.

Mtoto akatazama kwa muda mrefu. Akaweka kidole juu ya mbavu za yule wa pili, akauliza, "Huyu anaumia?"

Swali hili sisi tulikuwa nalo pia, kwani dini yetu imetufundisha habari ya mwanamke aliyeadhibiwa kwa ajili ya paka aliyemfungia. Binti hakulikwepa. Alisema kwamba samaki wakubwa hutiwa dawa ya usingizi kabla ya kupigwa picha au kukatwa pezi, na kwamba kila kazi huombewa ruhusa kwanza na kuelezwa kwa nini samaki wahitajike na wangapi. Katika nchi za Umoja wa Ulaya sheria ya mwaka 2010 inawalinda samaki tangu wanapoanza kujitafutia chakula, yaani kwa samaki huyu kama siku tano baada ya yai kurutubishwa. Kisha akaongeza, "Lakini anaumwa, mdogo wangu. Sitakudanganya. Mbavu zake zinavunjika kama zako." Mtoto akatikisa kichwa, akasema, "Basi wasimshike kwenye mapezi."

Hakutukusudia sisi. Lakini tulitazama chini.

Swali la pili lilikuwa la baba. Alikuwa kimya muda wote kama kawaida yake. Binti alipotaka kufunga simu, alisema, "Mwanangu, unaweza kunitumia picha hizo?" Akauliza binti, za nini? Akajibu, "Niwe nazo kibandani. Mtu akiniuliza mwanangu anavunjwa na nani, nimwonyeshe samaki. Samaki huyu hana baba wa kumpiga."

Miaka zaidi ya minne tulikuwa tukisubiri mazungumzo yale, na hayo ndiyo yaliyokuwa mazungumzo yenyewe. Tukamwomba radhi pale pale, mbele ya mkewe na mwanawe. Alisema amesamehe zamani. Tukamwambia kwamba sisi tulimtuhumu mbele ya watu, kwa hiyo tunataka kusema mbele ya watu. Alifikiri, akasema, "Semeni, ila msinitaje jina." Ijumaa iliyofuata, baada ya swala, tulisimama tukasema. Na leo tumeandika.

Mafunzo tuliyoyapata

Ndugu zetu, tunamalizia kwa mambo machache.

1. Surat Al-Hujurat imetukataza kufuata dhana, nasi tunaifundisha kila mwaka. Tulidhani kwamba kukataa habari za jini kunatosha kumfanya mtu kuwa mwenye elimu. Kumbe dhana iliyovaa nguo ya elimu inaumiza zaidi, kwa sababu watu huiamini.

2. Pamoja na hayo, watoto wanaopigwa wapo, na kuwalinda ni wajibu. Habari hii isiwe pazia la mwenye kudhulumu. Mtoto anayevunjika mara kwa mara apelekwe kwa daktari kwanza, na atakayesema ni kipi kilichomvunja awe daktari, si baraza la mtaa.

3. Wazazi na walimu, mkiona mtoto amevunjika mara nyingi kwa sababu ndogo, tazameni weupe wa macho yake na meno yake, ulizeni habari za wazazi wake walipokuwa wadogo, kisha mwelezeni daktari yote hayo. Macho pekee si ushahidi, kwani hata mtoto mchanga mzima huweza kuwa na weupe wenye ubuluu.

4. Mwenye mtoto wa namna hii asimnyanyue kwa kumvuta mikono wala kwa kumshika kwapani. Atandaze viganja, kimoja chini ya makalio na kimoja nyuma ya mgongo na shingo. Anapombadilisha nepi, asimwinue kwa vifundo vya miguu.

5. Wanafunzi wetu, tunasoma katika Qur'ani habari ya yule aliyeonyeshwa mifupa ya punda wake ikiunganishwa na kuvishwa nyama mbele ya macho yake. Tulikuwa tukiipita aya hiyo haraka kwenda kwenye nyingine. Sasa tukifika hapo tunafunga msahafu kidogo, tunawaambia watoto kwamba wako watu wanaokaa usiku mbele ya hadubini wakitazama mfupa unavyoanza kwa samaki wa siku tatu. Mmoja wao alikaa kwenye mkeka huu huu. Asiwepo wa kuwaambia kwamba elimu ile ni ya watu wengine.

Mtume wetu (swalla Allahu alayhi wasallam) ametufundisha kwamba hakuna maradhi yaliyoteremshwa ila yameteremshiwa dawa. Dawa nyingine bado inatafutwa, na huenda hatua moja ya njia yake inapita katika chombo cha kioo chenye samaki wa mistari.

Yule mtoto bado anakuja kila alasiri. Akimaliza somo hatumshiki mkono tena. Tunainama, tunampa bega letu, yeye mwenyewe ndiye anayetushika.

Tunamuomba Allah awape shifaa watoto wetu wote, awape subira wazazi wao, na atusamehe sisi tuliosema kabla ya kujua. Aamiin.